Dakika Nane za Mirihi

Vitabu vingi vya shule huichora njia ya sayari kama yai, jua likiwa limesogezwa upande mmoja. Mwanafunzi hutoka darasani akilijua jina la umbo hilo, duaradufu, na kuamini kwamba mtu yeyote mwenye macho angeligundua. Lakini hebu ichore njia ya Mirihi kwa vipimo vyake vya kweli. Ipe urefu wa sentimita 20 kwenye karatasi. Upana wake utapungua kwa chini ya milimita moja tu, na hata fundi mwenye jicho kali ataapa kuwa hilo ni duara kamili. Kilicho wazi ni mahali pa jua, kwani limeachana na kitovu kwa karibu sentimita nzima. Kwa sababu hiyo Mirihi hulikaribia jua hadi kilomita milioni 207, kisha hulikimbia hadi milioni 249.

Milimita ile isiyofika hata moja ilipatikana kabla ya darubini kuelekezwa mbinguni. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa kwa jicho, mkono na kalamu.

Jicho lilikuwa la Tycho Brahe. Mwaka 1576 mfalme wa Denmark alimpa kisiwa cha Hven, naye akajenga huko Uraniborg, jumba la kupimia nyota. Baadaye akaongeza Stjerneborg, ambako vyombo viliwekwa katika vyumba vilivyochimbwa ardhini ili upepo usivitikise. Robo-duara aliyoifunga ukutani ilikuwa na nusu kipenyo cha karibu mita 2. Ukubwa huo haukuwa wa fahari. Tao likiwa refu, alama zake huachana zaidi, na macho hupata nafasi ya kuzisoma. Kati ya alama na alama Tycho alipanga nukta za mshazari ili kuigawa hata nafasi ile iliyobaki. Aliona pia kwamba hewa huupinda mwanga wa nyota zilizo chini karibu na upeo, akaandaa jedwali la kuondoa kosa hilo. Vipimo vyake vizuri vilifikia usahihi wa karibu dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi.

Kalamu ilikuwa ya Johannes Kepler, mtu ambaye ndui ya utotoni ilimwachia macho dhaifu. Alimfuata Tycho mjini Prague mwaka 1600, akapewa Mirihi, sayari iliyokuwa imewashinda wengi. Mwaka uliofuata Tycho alifariki na vipimo vikabaki mikononi mwa Kepler.

Kwanza alijaribu duara, kama wote waliomtangulia. Alichukua nyakati ambazo Dunia hupita katikati ya jua na Mirihi, akatafuta duara litakaloziridhisha zote. Logi za Napier zilikuwa hazijachapishwa bado, kwa hiyo kila kuzidisha na kila kugawanya kulifanywa kwa mkono. Katika kitabu chake aliwaomba wasomaji waliochoshwa na hesabu hizo wamhurumie yeye, aliyezirudia mara 70. Mwishowe duara lilikubali, kwa tofauti isiyozidi dakika 2 hivi. Mtu mwingine angelichapisha siku hiyohiyo.

Kepler akalijaribu kwa vipimo vingine vya Tycho. Likakosea kwa dakika 8.

Dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi. Ptolemy, mwanaanga wa kale, hakudai usahihi wa kupita dakika 10, na kwa vipimo vya zama zake kosa hilo lisingeonekana kabisa. Lakini Kepler alijua jinsi vyombo vya Hven vilivyotengenezwa, na alijua kuwa Tycho hakosei kiasi hicho. Akaitupa kazi yake mwenyewe. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine popote.

Alianza upya kwa kuipima Dunia. Mirihi humaliza mzunguko wake kwa siku 687, na kila baada ya muda huo hurudi palepale, ilhali Dunia iko kwingine. Kepler alipekua madaftari ya Tycho kutafuta vipimo vilivyoachana kwa siku hizo, akaitumia Mirihi kama nguzo iliyosimama ili ajue sisi tunatembeaje. (Dunia nayo ina karibu yake na mbali yake: kilomita milioni 147 mwanzoni mwa Januari, milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Tofauti hiyo siyo inayoleta majira. Ulaya huwa kwenye baridi kali jua likiwa karibu zaidi.) Akagundua kwamba sayari huenda mbio ikilikaribia jua na hupunguza mwendo ikienda mbali. Akajaribu umbo la yai hasa, likamkataa, na hatimaye akafika kwenye duaradufu. Kitabu chake, Astronomia Nova, kilitoka mwaka 1609.

Miaka 10 baadaye aliunganisha umbali na muda: kipeo cha pili cha muda wa mzunguko hulingana na kipeo cha tatu cha umbali. Mshtarii huzunguka kwa miaka 11.86, na umbali wake ni mara 5.2 ya ule wa Dunia. Fanya hesabu, pande zote mbili zitakupa karibu 141.

Majedwali yake ya sayari yalichapishwa mwaka 1627. Kutokana nayo alitabiri kwamba Zebaki itapita mbele ya jua tarehe 7 Novemba 1631. Alifariki mwaka mmoja kabla ya siku hiyo. Mwanaanga Pierre Gassendi aliisubiri Paris, akaiona Zebaki ikipita, akaipima. Kepler alikuwa amekosea kwa chini ya nusu digrii, pale ambapo majedwali ya zamani yalikosea kwa digrii kadhaa.