Herekali Wawili: Historia na Fasihi katika Utendi wa Tambuka

Miongoni mwa tenzi za kale zinazotajwa sana na kusomwa kidogo, Utendi wa Tambuka una nafasi yake. Huitwa pia Chuo cha Herekali. Ulitungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728, na hati yake ni miongoni mwa hati kongwe kabisa za fasihi ya Kiswahili. Wanafunzi hukariri mwaka huo na jina la mtunzi kwa ajili ya mtihani. Swali wasiloulizwa ni hili: huyu Herekali ni nani, na kwa nini mshairi wa Pate ashughulike na mfalme aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja kabla yake?

Herekali wa historia ni Heraclius, aliyetawala dola ya Byzantium tangu 610 hadi 641 akiwa Constantinople, yaani Istanbul ya leo. Waarabu waliwaita watu wake Rum, nasi tukapata Warumi. Alitoka Afrika ya Kaskazini, katika mji wa Carthage, akaenda na merikebu za kivita kumpindua Phocas. Waajemi waliteka Yerusalemu mwaka 614, na mwaka 626 wao pamoja na Waavari waliutishia mji mkuu wenyewe. Heraclius aliingia ndani ya nchi ya adui, akawashinda Waajemi karibu na Ninawi Desemba 627, na baadaye akaurudisha Yerusalemu msalaba waliokuwa wameuchukua. Hakuufurahia ushindi huo muda mrefu. Mwaka 636 jeshi lake lilishindwa na Waislamu kwenye mto Yarmuk, akaipoteza nchi ya Shamu.

Sasa tuutazame utendi. Tambuka ni Tabuk, kaskazini ya Bara Arabu. Kwa mujibu wa mapokezi ya Kiislamu, Mtume Muhammad alifika huko na jeshi mwaka 630, akakaa siku kadhaa, jeshi la Warumi halikutokea, akarejea Madina. Vita vilivyopiganwa ni vya Muta, mwaka 629, ambako Jaafar bin Abu Talib aliuawa. Katika utendi, Tambuka imekuwa uwanja wa vita vikubwa, kifo cha Jaafar kinalipiwa kisasi, na Ali anang'ara kama shujaa.

Mbele ya tofauti hii wasomaji hugawanyika. Wapo wanaouchukua utendi kama kitabu cha historia, na wapo wanaoudharau kwa kuwa "umetiwa chumvi". Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimekosea mizani. Mtume alifariki mwaka 632, miaka minne kabla ya Yarmuk. Mtunzi wa 1728 alijua mambo yaliishia wapi. Alichofanya, akifuata masimulizi ya Kiarabu ya maghazi, ni kuuleta ushindi wa baadaye ndani ya uhai wa Mtume, ili safari iliyokwisha bila mapambano ipate kilele chake. Fani nayo inadai hivyo: beti za mizani nane, na kina cha mshororo wa nne kinachorudi ubeti baada ya ubeti, huielekeza hadhira kwenye mgongano mmoja mkubwa. Shujaa naye hupimwa kwa uzito wa adui yake, na mfalme aliyekwisha kuwashinda Waajemi si adui mdogo.

Kuna usomaji wa tatu unaovutia zaidi: kwamba Herekali ni Mreno aliyevishwa taji la Kirumi. Hapa tahadhari inahitajika. Mwaka huohuo wa 1728 Wareno waliirudia Mombasa, wakafukuzwa tena 1729, na katika kurudi huko Pate ilishirikiana nao dhidi ya Waomani. Ikiwa utendi ulitungwa kwa ombi la mtawala wa Pate, kama inavyoelezwa, basi ni vigumu kudai kwamba mtunzi alimshambulia mshirika wa bwana wake. Anayetaka kushikilia hoja hiyo aonyeshe beti, asitegemee hisia.

Tunapendekeza basi kwamba utendi huu ufundishwe pamoja na tarehe zake zote: 629, 630, 636 na 1728. Mwanafunzi aorodheshe kilichotokea, kisha aulize mtunzi amebadili nini na amepata nini kwa kubadili. Katika vyuo vyetu vya nje ya pwani, ambako wengi huziona tenzi kama maneno magumu ya Kiamu ya kukaririwa, zoezi hilo lina faida ya ziada. Mwanafunzi ataona kwamba miaka karibu mia tatu iliyopita Kiswahili kilikwisha kuichukua historia ya dunia, kikaisimulia kwa kanuni zake chenyewe.