Karatasi ya Garman

Mwanzoni mwa Julai 1969, wiki chache kabla ya binadamu kutua mwezini, timu ya Gene Kranz, mkurugenzi wa safari kule Houston, ilikuwa katika zoezi la kutua. Watayarishaji wa zoezi, ambao kazi yao ilikuwa kutega mitego, wakatokeza onyo kwenye kompyuta ya chombo. Steve Bales, kijana wa miaka 26 aliyekuwa na dhamana ya kompyuta hiyo, hakulielewa. Akataka safari ikatishwe. Kranz akamkubalia.

Kumbe wamekosea. Kompyuta ilikuwa imelemewa, ila kazi za lazima ilikuwa bado inazimudu. Wangeweza kutua.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia Kranz. Kumgombeza Bales kungekuwa rahisi, na kuwalaumu watega mitego kungekuwa rahisi zaidi: nani anampa mtu mtihani wa namna ile siku za mwisho? Yeye aliagiza kila onyo ambalo kompyuta ile inaweza kutoa lichambuliwe, na jibu lake lijulikane kabla ya safari. Jack Garman, mwenye miaka 24, mtu wa chumba cha nyuma aliyemsaidia Bales, akayaandika yote kwa mkono, karatasi akailaza chini ya kioo cha meza yake.

Tarehe 20 Julai, chombo kikiwa takriban mita 10,000 juu ya mwezi, likaja onyo namba 1202. Neil Armstrong, kamanda wa chombo, akauliza maana yake, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. Garman akatupa jicho kwenye karatasi, akamwambia Bales: lisipojirudia mfululizo, hakuna neno. Bales akasema waendelee. Kranz, rubani wa zamani wa ndege za kivita, hakudai maelezo wala hakumpokonya kijana uamuzi. Tangu onyo litokee hadi jibu limfikie Armstrong haikupita nusu dakika. Baadaye likaja namba 1201. Jibu likawa lile lile.

Watu husifu utulivu wa Kranz siku ile, na vile vizibao vyeupe alivyoshonewa na mkewe. Mimi naisifu zaidi ile kazi ya orodha, isiyo na picha wala shangwe.

Agosti mwaka ule Rais Nixon aliwatunuku wanaanga. Aliyesimama pamoja nao kupokea tuzo kwa niaba ya timu ya Houston alikuwa Bales, yule yule aliyekatisha safari isiyostahili kukatishwa.