Tashbihi Iliyogeuka Nasaba: Uhakiki wa Makala ya John Langdon Down

Makala aliyoyachapisha daktari Mwingereza John Langdon Down mwaka 1866, kuhusu kuwapanga kwa mataifa watu waliozaliwa na upungufu wa akili, hutajwa mara nyingi lakini ni nadra kusomwa kama maandishi. Yasomwapo hivyo, kasoro yake kubwa haionekani katika macho ya mwandishi, bali katika lugha yake.

Down alikuwa msimamizi wa makao ya Earlswood, na wakazi wake aliwatazama kwa makini. Anaeleza uso mpana, macho yaliyokaa upande, usemi usio wazi. Anaeleza pia ucheshi wao na ustadi wao wa kuiga, mambo ambayo mtazamaji mvivu asingaliyaona. Alibaini, tena kwa usahihi, kwamba mtu huzaliwa na hali hiyo. Hadi hapo ni maelezo mema. Lakini Down haridhiki na maelezo. Mkononi anayo tayari mafungu ya Wamalei, Waethiopia, Wamongolia na wenyeji wa Amerika, na watoto wa Kiingereza hawana budi kutiwa humo. Kusema kwamba mtoto anafanana na Mmongolia ni tashbihi, nayo ni dhaifu. Kumwita Mmongolia ni dai la nasaba. Makala yanavuka kutoka la kwanza hadi la pili pasipo ithibati, kisha kifua kikuu cha wazazi kinaletwa kuwa ndicho chanzo.

La ajabu ni hitimisho: ikiwa maradhi yaweza kuvunja mipaka ya mataifa, basi wanadamu wote ni jinsi moja. Hoja hiyo ina ubinadamu ndani yake, ila imejengwa juu ya ngazi ambayo Mzungu akidhoofika hushukia kwa Mmongolia au Mwafrika.

Jawabu lilitoka katika hesabu. Mwaka 1956 Tjio na Levan walionyesha kwamba seli ya mwanadamu ina kromosomu 46. Mwaka 1959, huko Paris, Lejeune, Gautier na Turpin walitangaza kwamba watoto wa aina aliyoieleza Down wana 47, ile ya ziada ikiwa ni ya 21. Kwa kawaida jozi hushindwa kutengana yai au mbegu inapoumbwa, na jambo hilo hutokea katika mataifa yote, Mongolia ikiwamo. Mwaka 1961 wataalamu walilipinga jina la zamani katika jarida la The Lancet, na mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani likaliacha, baada ya Mongolia yenyewe kulalamika.

Msomaji wa Kiswahili asimcheke Down upesi. Zezeta, punguani, taahira: haya nayo ni mafungu yanayomtangulia mtu kabla hajatazamwa. Hata “ugonjwa wa Down” hupotosha, maana ugonjwa hutafutiwa dawa na huogopwa kuambukiza, ilhali kromosomu hiyo kwa kawaida imo tangu mimba kutungwa. “Hali ya Down” ni afadhali, ijapokuwa inambeba mtungaji yule yule. “Utatu wa kromosomu ya 21” ni sahihi kuliko yote, lakini mama atakayelisikia kliniki bado atauliza mwanawe ana nini, na mwuguzi itambidi atafute maneno mengine.