Adui Mwenye Hoja: Senema ya Black Panther Itazamwapo Kutoka Nachingwea

Azitazamaye senema za mashujaa wa hadithi za picha ataona kwamba shujaa habadiliki sana atokapo karatasini kwenda katika pazia. Abadilikaye ni adui. Shujaa hulindwa na jina lake. Adui hana mlinzi, kwa hiyo kila zama humkata na kumshona upya kwa kadiri ya hofu zake. Senema ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler mwaka 2018, ni mfano wa jambo hili, na kwa Waswahili ni mfano wa karibu, maana Wakanda, nchi yake ya kubuni, imewekwa upande huu wa Afrika. Katika vibanda vya video vya miji midogo, ambako mtafsiri huisimulia senema kwa Kiswahili, watazamaji husema stelingi na adui, na mambo huwa yamekwisha. Lakini zipo wilaya mbili za mkoa wa Lindi, Ruangwa na Nachingwea, ambazo ardhi na historia yake humpa mtazamaji sababu ya kuuliza kama adui wa senema hii alichaguliwa kwa haki.

Katika hadithi ya asili, iliyotungwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, adui wa Wakanda ni Klaw, mgeni aliyekuja na watu wenye silaha akamwua mfalme T'Chaka ili ajitwalie madini ya vibraniamu. Hana utata huyu: kosa lake ni kosa la ukoloni. Senema imembakizia kiu ya madini, lakini imemfanya mchekeshaji. Andy Serkis anamwigiza kwa ustadi mkubwa; anacheka, anaimba, kisha hadithi haijafika mbali anauawa, na maiti yake inapelekwa Wakanda iwe hati ya kuingilia ya mtu mwingine. Hapo pana hasara. Ruangwa ina kinywe ardhini, madini yatafutwayo leo kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na kwa mkazi wa huko swali la nani achimbe, kwa masharti gani, na nani abaki na shimo, si swali la kuchekea. Hadithi ya 1966, pamoja na utoto wake wote, ililiheshimu swali hilo kuliko senema ya 2018.

Kwa M'Baku mambo ni kinyume. Mwaka 1969 alibandikwa jina la kumfananisha na nyani na kuvikwa ngozi ya sokwe mweupe. Senema imelifuta jina, na Winston Duke anamwonyesha mkuu wa watu wa milimani mwenye mzaha na heshima yake. Jina lile lilikuwa tusi. Waliolifuta walifanya haki.

Uzito aliovuliwa Klaw ametwishwa Erik Killmonger. Huyu, katika hadithi aliyoiandika Don McGregor kuanzia mwaka 1973, ni N'Jadaka, mtoto ambaye baba yake aliponzwa na uvamizi wa Klaw, naye akajikuta Harlem. Arudipo anataka kiti cha enzi, na ugomvi wake na T'Challa ni ugomvi wa nyumbani. Senema imemzaa upya Oakland, mwana wa mdogo wake mfalme, aliyeachwa yatima baada ya baba yake kuuawa na nduguye mwenyewe. Akiisha kukua anauliza: nchi yenye silaha kama hizi iliwezaje kunyamaza ilhali watu weusi duniani kote wanauzwa na kudhalilishwa? Swali hili ni mali ya senema, na ndilo jambo bora kuliko yote yaliyomo.

Walakini waliompa swali waliliogopa jibu. Kwa hiyo wamempaka damu: anamwua mpenzi wake bila kupepesa jicho, anamkaba koo mama mtu mzima mtunza mimea mitakatifu, anaichoma bustani. Hakuna hata tendo moja katika haya lililo la lazima kwa hoja yake. Yamewekwa ili mtazamaji apate ruhusa ya kumchukia; shahidi amehukumiwa kwa tabia zake, na ushahidi ukaachwa mezani. Ni kweli kwamba T'Challa anawakemea wazee wake waliokufa kwa kujificha kwao, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini jibu analolitoa mwishoni ni kununua majengo Oakland na kufungua kituo cha misaada. Aliyeulizwa haki amejibu kwa sadaka.

Senema yatoa njia mbili tu: nchi ijifiche, au mtu mmoja aichome dunia. Nachingwea ilikuwa njia ya tatu. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulishindwa huko. Na katika wilaya hiyo hiyo, tangu mwaka 1965, FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa na kambi ya kuwafunza wapiganaji waliovuka Ruvuma kwenda kupambana na Wareno. Tanzania haikuwa na vibraniamu. Ilikuwa na korosho, na mpaka mrefu ulioachwa wazi kwa hatari. Silaha zilipita, watu wakafunzwa, na hapakuwa na kiti cha enzi kilichoporwa.

Hata hivyo Nachingwea haifai kugeuzwa Wakanda ya pili. Mwaka 1975, kabla ya Msumbiji kupata uhuru tarehe 25 Juni, wapinzani wa FRELIMO waliletwa kambini hapo mbele ya umati, na Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, akasomeshwa ungamo la usaliti. Baadaye aliuawa Msumbiji bila kupelekwa mahakamani. Hapo adui alitiwa maneno kinywani na walioshinda. Killmonger ana heshima moja ambayo Simango alinyimwa: akiwa na jeraha la mauti anakataa kuponywa ili afungwe, na anawataja wazee waliojitosa baharini kuliko kuwa watumwa, kwa sauti yake mwenyewe, akilitazama jua la Wakanda likichwa. Ni dakika chache tu. Kabla yake zipo maiti zote alizobebeshwa, na baada yake yupo mfalme na majengo yake ya Oakland.