Mwendo wa Salamu

Kwa wiki sita, mwembe mmoja kwenye njia ya kwenda Bigwa ulinishinda. Uko kilomita tatu kutoka mlangoni kwangu Kilakala, na kila nilipoukaribia kichomi kilinibana ubavuni, pumzi ikakata, nikasimama nimeshika magoti huku bodaboda zikinipita. Mwanangu alikuwa na miezi saba. Nilianza kukimbia alipotimiza mitano, na mwanzoni umbali uliongezeka wenyewe: nguzo mbili za umeme, kisha sita, kisha kilomita nzima bila kusimama. Halafu ukagoma. Nikadhani dawa ni kukaza zaidi. Nikakaza, mwembe ukabaki palepale.

Hapa kwetu Morogoro, milima ya Uluguru si mandhari ya kupigia picha. Mlimani ndiko yanakotoka maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, na ndiko wanakotoka, kabla jua halijachomoza, akina mama wenye matenga ya ndizi, magimbi na mboga, wakishuka kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Nimekua nikiwaona kila siku. Kuwatazama ndiyo nimeanza juzi.

Asubuhi moja ya Juni, ukungu ukiwa bado umekifunika kilele cha Lupanga, nilikuwa chini ya mwembe ule nahema, akafika mama mmoja na tenga la ndizi mbichi kichwani. Mahali pale barabara imekata kilima na ukingo wake unafika mabegani mwa mtu. Hakulitua tenga chini. Aliusogelea ukingo, akakunja magoti kidogo, akainamisha kichwa, tenga likateleza na kukaa juu ya udongo bila kishindo. Ngata ikabaki utosini. Alipotaka kuondoka alirudia yaleyale kinyumenyume: magoti, kichwa, mkono mmoja kulivuta, akasimama nalo. Hakuhitaji mtu wa kumtwika. Miaka yote nilidhani wanapumzika pale kwa ajili ya kivuli, kumbe wanapachagulia kimo cha ukingo.

Mimi nilimwamkia kwa kuinua mkono tu, sauti haikutoka.

"Mwanangu, hata shikamoo imekushinda?" akaniuliza. "Nani anakufukuza?"

Nikamwambia hakuna anayenifukuza.

"Basi nenda kama mtu asiyefukuzwa."

Nilimfuata nyuma hadi karibu na kwangu, nikitembea. Hatua zake zilikuwa fupi kuliko nilivyofikiri, na magoti hayakunyooka kabisa hata mara moja. Njia ilipoteremka kwa ghafla, hatua zilizidi kuwa fupi, lakini shingo haikuyumba na pumzi haikubadilika. Alikuwa ametembea tangu usiku, na bado aliongea nami kuhusu bei ya mkungu, mvua, na mjukuu wake anayeota meno. Alipumzika mara moja zaidi, kabla hajachoka. Sikuona akijikaza popote. Niliona fundi anayejua mwendo wake kama mshonaji anavyojua kitambaa, na tangu siku ile nikitaka kusifia mbio, huusifia mwendo kwanza, nguvu baadaye.

Walimu wa riadha wana kipimo chao cha hili: ukikimbia kwa mwendo unaofaa kujenga pumzi, unaweza kuongea sentensi nzima. Morogoro kipimo hicho tunacho bila mwalimu, maana huwezi kukimbia nusu kilomita hapa bila kuamkiwa. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mtoto hajambo, za tangu jana. Ukishindwa kuitikia, umekwenda kasi mno. Kwa mwendo wa salamu moyo hupeleka oksijeni ya kutosha, misuli hutumia mafuta ya mwili badala ya kumaliza sukari yake haraka, na wiki kwa wiki vijishipa vidogo vya damu huongezeka ndani ya misuli hiyo. Mimi nilikuwa nikikimbia kilomita kwa dakika sita na nusu, kila siku, kama mtihani. Ni kweli nilichoka, lakini sikuwa najenga kitu.

Na mzazi ana mzigo ambao hauonekani kichwani. Kunyonyesha peke yake hula karibu kalori 500 kwa siku. Misuli ya tumbo iliachana kumpisha mtoto, na ile ya chini ya nyonga, inayoshikilia kibofu na mji wa mimba, imevutwa miezi tisa. Mimi mkojo uliniponyoka nilipoteremka kilima, nikanyamaza kwa aibu wiki nyingi, na ukimya ule ulinichelewesha kuliko kichomi. Mkojo kuponyoka ni ishara ya kupunguza kasi na kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo. Wanawake tunaambiana tu kwamba ndiyo uzazi. Hapana, kunatibika.

Wataalamu wa Uingereza waliotoa mwongozo mwaka 2019 walishauri mzazi asirudi kukimbia kabla ya miezi mitatu. Sheria yetu ya kazi inampa likizo ya siku 84, yaani wiki 12 kamili. Maana yake siku mwili unapoanza kuwa tayari kujaribiwa ndiyo siku bosi anapouhitaji ofisini. Bibi zetu walitupa arobaini, wakatukanda kwa maji ya moto na kutufunga tumbo kwa kanga, na nadhani walielewa kwamba kurudi kuna hatua zake. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018, akarudi mashindanoni Juni 2019. Mwaka mzima, kwa mwanamke ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Rio. Dhahabu ya Tokyo ilikuja 2021. Mimi niliyekuwa naanza kabisa nilijipa miezi miwili tu ya mazoezi.

Nikabadilisha. Dakika nne za kukimbia, moja ya kutembea, na kutembea kwenyewe nikakuanza kabla sijachoka, kama yule mama. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya 1972, aliwafundisha hivyo wanaoanza kuanzia miaka ya 1970. Mimi utaratibu huo niliupokea kutoka kwa muuza ndizi. Siku tatu kwa wiki badala ya sita. Namnyonyesha mtoto kwanza, maana kukimbia na maziwa yaliyojaa ni mateso, nakunywa uji wa ulezi, ndipo natoka. Kila Jumamosi naongeza nusu kilomita, na wiki ya nne siongezi kitu. Kilomita moja sasa hunichukua zaidi ya dakika nane. Wiki ya tatu niliupita mwembe nikiwa naongea na jirani, na niliutambua ukiwa tayari nyuma yangu.

Jumamosi moja ya Agosti, mwembe ukiwa umechanua, nilikutana naye kwenye kilomita ya tano, tenga kichwani.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, ameanza kusimama. Na wa kwako, meno yametoka?"

"Manne!" akasema, naye hakupunguza hatua wala mimi sikupunguza. Aliponitajia mtoto maziwa yakashuka, yakalowesha sidiria na fulana. Nikageuza, nikaanza kurudi nyumbani kwa mwendo uleule.