Pongezi kwa Wapigapicha wa Pande Zote

Shamba la mananasi la Kiwangwa halina pa kujificha. Mimea inaishia kiunoni, na kamera ya nyuzi 360 inaona mbele, nyuma, juu na chini kwa wakati mmoja. Mpigapicha wa kawaida husimama nyuma ya kamera. Wa nyuzi 360 hana nyuma. Ama aingie ndani ya picha akavune pamoja na wakulima, ama aende mbali chini ya mwembe na kuiacha kamera peke yake juu ya nguzo nyembamba. Nawapongeza kwa dhati, kwa kuwa ustadi wao hauonekani.

Nyingi ya kamera hizo zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiona zaidi ya nusu duara, kisha programu huziunga picha kuwa moja. Kwenye mshono huo ndipo mtu hukatika mkono. Ndiyo maana fundi mzuri humweka mvunaji mbele ya lenzi, si ubavuni mwa kamera, tena asiisogelee chini ya mita moja hivi. Huisimamisha kwenye kimo cha macho, hufunga kipimo cha mwanga kisibadilike-badilike, hufuta vumbi na unyevu wa pwani kila mara, kisha huiacha itulie. Kamera ikiyumba, mtazamaji aliyevaa miwani ya uhalisia pepe hushikwa na kizunguzungu.

Mafundi wa aina hii tunao: Nairobi ipo kampuni ya BlackRhinoVR. Zanzibar, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walifunzwa kuipiga picha za nyuzi 360 mitaa yao kwa ajili ya ramani za intaneti. Kiwangwa, kando ya barabara ya Bagamoyo–Msata, inastahili mafundi kama hao msimu wa mavuno, malori yakipakiwa.