Jina la kati si kiraka cha jina la kigeni

Fomu za shule na za serikali zimetuzoesha istilahi moja ambayo hatuitafakari: 'jina la kati'. Ukiisoma harakaharaka utadhani ni jina lililobanwa baina ya mawili yenye maana, likawa kijazio tu. Ndivyo wazazi wengi vijana wanavyolichukulia siku hizi. Jina la kwanza wanalichagua kwa hamu, la mwisho linatoka kwa baba, na lile la kati linatafutwa mithili ya tai ya kuoana na shati lililokwisha kununuliwa.

Mpwa wangu, ambaye ni mjamzito, aliniambia juzi: "Mjomba, akiwa mvulana tumeafikiana ataitwa Liam. Sasa nisaidie na la kati. Liam ni fupi, kwa hivyo la pili liwe refurefu, tena lipendeze mdomoni. Tulikuwa tunafikiria Liam Jayden." Baba mtoto ni Ochieng'. Kwa hivyo mtoto atakuwa Liam Jayden Ochieng'.

Hebu tuianze na hiyo kanuni ya ufupi na urefu. Hiyo ni kanuni ya sikio la Mwingereza. Katika Kiingereza silabi hupishana, hii nzito na ile nyepesi, ndiposa jina fupi likahitaji refu la kulisawazisha. Kiswahili hakiendi hivyo. Silabi zetu zinakaribiana kwa urefu, shadda huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno hupenda kuishia kwa irabu. Mpe nyanya wa kijijini jina Liam uone kama hatasema 'Liamu' na kutia shadda kwenye 'a'. Kisha jina hilo linaloishia kwa 'm' likifuatwa na Otieno au Okoth, konsonanti inaidaka irabu na ulimi unateleza bila kujikwaa. Tumewaita kina Kevin Otieno na Brian Okoth miaka nenda miaka rudi. Nani amewahi kulalamika kwamba majina hayo hayaoani?

Kama ni tahadhari, basi iwe ya maana na tahajia, maana majina ya Kiayalandi yana mitego yake. Liam ni kipande cha Uilliam, yaani William kwa Kiayalandi. Anayemwita mwanawe Liam William amempa jina moja mara mbili. Seán nalo ni Yohana, kwa hivyo Sean John ni Yohana Yohana. Tena ile alama iliyo juu ya 'a' si pambo. Ukiiondoa, neno 'sean' katika Kiayalandi lina maana ya 'zee', na kitoto chako cha siku mbili kimeshazeeka kwenye cheti. Sisi tunaoandika Ochieng' tunaujua uchungu huo. Karani akiisahau ritifaa, 'ng'' ya ng'ombe inageuka 'ng' ya ngoma. Niamh nalo husomwa 'Niiv', kwani 'mh' hapo ni sauti ya 'v'. Na Kelvin, tunayemchanganya na Kevin kila uchao, si wa Ayalandi hata kidogo. Jina hilo asili yake ni mto ulioko Glasgow, Uskoti.

Lakini mtego mkubwa hauko Ayalandi. Uko hapa kwetu, katika hiyo nafasi ya kati. Kwa jamii nyingi za Kenya majina matatu yaligawana kazi: la kwanza ni la ubatizo, la pili ni la mtoto mwenyewe, la tatu ni la baba. Mtazame bingwa wetu wa marathoni, Brigid Jepchirchir Kosgei, aliyevunja rekodi ya dunia Chicago mwaka 2019. Brigid ni jina la mtakatifu wa Kildare, Ayalandi. Jepchirchir ndilo linalotuambia kwamba mwenye jina ni wa kike na kwamba alizaliwa kwa haraka. Kwa Wajaluo, Otieno ni wa usiku na Okoth ni wa mvua. Kwa hiyo Liam Jayden Ochieng' ana jina la Ayalandi, jina lisilo la Ayalandi wala la Ujaluo, na jina la babake. Jina lake yeye liko wapi?

Wapo watakaonijibu kwamba jina la asili humfichua mtoto kabila, na katika nchi iliyoyaona ya 2007 na 2008, hofu hiyo siibezi. Ila hapa hoja hiyo haisimami. Ochieng' ya mwisho imeshasema kila kitu. Kilichofichwa si kabila, ni mtoto.

Ajabu ni kwamba Waayalandi wenyewe wangetuelewa upesi kuliko tunavyojielewa. Desturi yao ya zamani ilimpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mkikuyu akisikia hivyo atadhani anasimuliwa mambo ya Murang'a. 'Mac' ni 'mwana wa', sawa na 'arap' ya Wakalenjin, 'ole' ya Wamaasai na 'bin' ya Waswahili. 'Ó' ni 'mjukuu' au 'mzao wa', ingawa haina udugu na 'O' ya Otieno, ambayo huonyesha tu kwamba mwenye jina ni wa kiume.

Aidha, wao walinyang'anywa majina kabla yetu. Mwaka 1465 ilipitishwa sheria iliyowalazimisha Waayalandi walioishi miongoni mwa Waingereza, huko Dublin na kaunti jirani, wajitwalie majina ya Kiingereza: ya miji, ya rangi, ya ufundi au ya vyeo. Karne zilizofuata wengi walizitupa 'Ó' na 'Mac' zao ili wakubalike. Mwaka 1892 msomi Douglas Hyde alisimama Dublin kuhutubia juu ya haja ya kuivua Ayalandi Uingereza, na aliwakemea wenzake waliokuwa wakiyakana majina yao. Mwaka uliofuata kikaundwa Chama cha Kigaeli cha kuitetea lugha, naye akiwa rais wake. Mwaka 1938 akawa Rais wa kwanza wa Ayalandi. Baada ya nchi hiyo kujitawala, baadhi ya wazazi walianza kuwaita binti zao Saoirse, yaani Uhuru. Jina hilo halihitaji tafsiri kwa Mkenya.

Basi tunapoliita Liam 'jina la Kizungu', tunakosea mara mbili. Kwanza, tunaifuta tofauti kati ya mtawala na mtawaliwa. Pili, tunalichukua jina lililookolewa na watu walioona haya kuyapoteza ya kwao, kisha tunalitumia kuyafukuza ya kwetu.

Sina ugomvi na Liam. Ni jina tamu, na mtoto hafungwi na mipaka ya kijiji. Ushauri wangu ni huu: subirini azaliwe, mtazame kama ni usiku, alfajiri au mvua inanyesha, au muulizeni babu nani anangoja kuitwa tena. Jina hilo liandikwe lote katika nafasi ya pili, lisigeuzwe herufi moja yenye nukta. Wahenga hawakusema jina fupi wala refu. Walisema jina jema hung'ara gizani.